Kitabu Ndani ya Kitabu

Mwaka jana, katika likizo ya mwezi wa Agosti, dada yangu alimleta kwangu Kisauni binti yake, kitinda mimba wake, akae nami siku ishirini. Msichana huyu alikuwa katika kidato cha pili. Alikuwa amepata alama haba sana katika mtihani wa historia, na kwa kuwa katika jamaa yetu mimi hujulikana kuwa mtu wa vitabu vya historia, dada yangu alidhani kwamba hapana mganga wa ugonjwa ule ila mimi. "Mdogo wangu," aliniambia mlangoni, "mtoto huyu anapenda kusoma, lakini sijui anasoma nini." Kisha alikwenda zake kwa haraka, kwani alikuwa na mahamri ya kupeleka hotelini kabla hayajapoa.

Siku tatu za kwanza nilijiona mwalimu hodari. Kila alasiri nirudipo kazini nilimkuta mpwa wangu barazani, kitabu kikubwa cha historia kimesimama mbele ya uso wake kama ngao, wala hakukiweka chini mpaka jua lichwe. Siku ya nne nilirudi mapema kuliko desturi nikamkuta anafuta machozi. Nilistaajabu sana. Sura aliyokuwa ameifungua ilihusu Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, na mimi, pamoja na uchungu wote nilio nao juu ya mkutano ule, sijapata kumwona mwanafunzi akiulilia. Nilinyosha mkono nikakitwaa kitabu. Ndani yake mlikuwa na kitabu kingine kidogo, kimevikwa jalada la gazeti, kurasa zake zimelegea kwa kupita katika mikono ya wasichana wengi. Kilikuwa kitabu cha mapenzi.

Niliyasema yote ambayo wazee husema. Nilisema kwamba anapoteza wakati wake na fedha za mama yake. Kwamba vitabu vile ni sukari, na sukari huoza meno. Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha akauliza:

"Samahani, mjomba. Wewe umepata kukisoma?"

"Sijapata," nilijibu. "Wala sihitaji kula sumu ili nijue kuwa ni sumu."

"Lakini mjomba, juzi uliniambia kwamba mtu asihukumu jambo mpaka asome maneno ya waliokuwapo."

Ni kweli nilikuwa nimesema hivyo, tena kwa sauti kubwa, nilipokuwa nikimweleza habari za vita vya Maji Maji. Nilibaki na kile kitabu mkononi. Nakiri kwamba mkono wenyewe ulikuwa ukitetemeka kidogo, wala si kwa hasira tu. Sababu yake nitaieleza mahali pake. Tulipatana hivi: mimi nitasoma vitabu vyake, naye atasoma vyangu, na kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku kila mmoja atatoa hukumu yake bila ya kuogopa umri wa mwenziwe.

Vitabu vitatu vya kwanza alivyonipa vilikuwa vyembamba, vya Kiingereza, vya namna ile inayouzwa kwa mafungu kando ya njia za mji. Sitavitaja majina, kwa sababu nilipokwisha kuvisoma majina yake yalikuwa yamechanganyika kichwani mwangu, kadhalika na watu waliomo. Kijana mwanamume daima ni mrefu, daima ana fedha, na daima ana huzuni asiyoitaja. Msichana hajui kuwa ni mzuri mpaka aambiwe. Katikati ya kitabu hukosana kwa jambo ambalo swali moja tu lingalilimaliza, lakini hapana aulizaye, kwa kuwa kurasa mia zimesalia. Hapana mtu apikaye, wala afuaye nguo, wala alipaye kodi ya nyumba. Nilipoyasema haya siku ya Ijumaa, mpwa wangu alicheka akasema, "Mjomba, ndiyo sababu tunavisoma." Jibu lile sikulitazamia, na mpaka leo silioni kuwa jibu baya. Msichana anayeamka saa kumi na moja kumsaidia mama yake kukanda unga ana haki ya kutembea saa moja katika nyumba isiyo na unga.

Walakini jambo moja lilinichukiza, nami sikulificha. Katika kimoja cha vitabu vile msichana anamkataa kijana mara tatu, kwa maneno yasiyo na fumbo, na kijana anazidi kumfuata: anamngoja njiani, anamwandikia, anajipenyeza katika shughuli za nyumba yao. Mwandishi anausifu ung'ang'anizi huo kuwa ndio mapenzi ya kweli, na mwishoni anamlipa kijana kwa kumpa msichana. Nilimwambia mpwa wangu kwamba mtu wa namna hiyo, akitoka kitabuni akaja mtaani kwetu, haitwi mpenzi. Hakunijibu usiku ule. Asubuhi, alipokuwa akifagia ua, alisema bila ya kunitazama kwamba amefikiri, na kwamba kitabu kile hatamwazima tena rafiki yake mdogo.

Sasa ilikuwa zamu yake. Nilikuwa nimempa kitabu kimoja kinene cha historia ya Afrika ya Mashariki ninachokipenda sana, chenye ramani nyingi na miaka iliyopangwa vizuri. Alikisoma kwa uaminifu, kisha alitoa hukumu iliyonikata maini. "Mjomba," alisema, "katika kitabu hiki watu wote ni wanaume, na wote wana miaka hamsini. Wanatia sahihi mikataba tu. Hapana aliyepata kuwa na miaka kumi na sita?" Nilianza kumweleza kwamba historia haina nafasi ya kuandika kila kitu. Alisikiliza, kisha akauliza ni nani aliyeigawa nafasi hiyo.

Kile kitabu kilichomtoa machozi barazani nilikisoma mwisho. Kinaitwa *The Fault in Our Stars*, kimeandikwa na Mmarekani aitwaye John Green, na kilitolewa mwaka 2012. Jina lake limetoka katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo *Julius Caesar*, ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1963, mahali pale Kasio anapomshawishi Bruto kwamba lawama za hali yao si za nyota. Mwandishi Mmarekani amelipindua jambo hilo. Mashujaa wake wawili ni vijana wenye ugonjwa wa saratani. Hazel ana miaka kumi na sita. Mapafu yake yamejaa maradhi, na kila aendapo huvuta mtungi wa hewa kama mtu avutaye mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Augustus amekwisha kukatwa mguu mmoja. Kosa la ugonjwa wao si lao. Kama si la nyota, basi ni la nani?

Msomaji, nilikianza kitabu hiki kwa kiburi, nikakimaliza saa nane za usiku. Vijana wake husema kwa ufasaha ambao sijausikia kwa kijana yeyote, wala kwa wazee wengi, na hilo nalihesabu kuwa dosari. Mara kwa mara nilimsikia mwandishi mwenyewe akisema katika vinywa vyao. Lakini kitabu hakidanganyi juu ya jambo lake kubwa. Maradhi yana harufu, yana gharama, yana wazazi wanaozungumza kwa kunong'ona chumba cha pili. Mmoja wa wapenzi hufa, na kifo chake si kizuri kama vifo vya michezo ya kuigiza: hutapika, huogopa, huona haya. Kumbe msichana huyu hakuwa akila sukari alipolia barazani pangu.

Mahali pamoja tu paliniudhi. Vijana wale wanasafiri mpaka Amsterdam, na huko wanaizuru nyumba alimojificha Anne Frank, ambayo sasa ni makumbusho. Hazel anapanda ngazi zile zilizosimama wima, pumzi zikimkatika, na huko juu, mbele ya wageni wengine, anambusu Augustus kwa mara ya kwanza. Watu waliokuwapo wanapiga makofi. Nilikasirika. Niliona kwamba mapenzi yameingia na viatu mahali pa kuomboleza. Siku ya Ijumaa nilieleza hasira yangu kwa urefu, na mpwa wangu akaniuliza kwa upole wake ule ule:

"Anne mwenyewe alikuwa na miaka mingapi, mjomba? Naye hakuwa na mtu?"

Niliona haya. Kitabu cha Anne Frank nilikijua kwa jina tangu ujana wangu, na mara nyingi nilikitaja mbele za watu, kama mtu anavyotaja nchi ambayo hakufika. Sikuwa nimekisoma. Jumatatu nilikwenda maktabani nikakiazima.

Anne alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1929, na wazazi wake, ambao walikuwa Wayahudi, walihamia Uholanzi kuukimbia utawala wa Hitler. Mwezi wa Julai 1942 walijificha katika vyumba vya nyuma vya jengo la biashara ya baba yake. Baadaye wakawa watu wanane. Walikaa humo zaidi ya miaka miwili, bila ya kutoka, wakitembea kwa soksi wakati wa mchana ili wafanyakazi wa chini wasiwasikie, mpaka tarehe 4 Agosti 1944 walipokamatwa. Anne alikufa katika kambi ya Bergen-Belsen mapema mwaka 1945, hajatimiza miaka kumi na sita. Kati ya wote wanane baba yake, Otto, peke yake alirudi, na mwaka 1947 aliyachapisha maandishi ya binti yake.

Hayo ndiyo niliyoyajua kwa kuambiwa. Nisiyoyajua ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu kile cha huzuni ni habari za msichana anayekua. Hugombana na mama yake. Hutamani kuwa mwandishi. Hupanda darini kuzungumza na Peter, kijana wa jamaa ya pili waliojificha pamoja, na mwezi wa Aprili 1944, wakati ndege za vita zikipita juu ya mji, wanabusiana. Tena haachi hapo. Baada ya majuma machache anaanza kumtazama kijana yule kwa jicho kali. Anaona udhaifu wake, anaona kwamba hawezi kuufungulia moyo wake kama alivyotumaini, na anauandika ukweli huo bila ya kumtukana. Katika vile vitabu vitatu vyembamba hapana msichana aliyepewa akili ya namna hiyo, ya kupenda huku akipima. Basi niliirudisha nyuma hasira yangu. Lile busu la kitabu cha John Green halikuingia na viatu katika nyumba ya watu. Lilikuwa na ndugu yake mle darini.

Jambo jingine katika habari za Anne ndilo lililoninyima usingizi. Otto Frank, alipoyatengeneza maandishi yale ili yachapwe, aliacha nje baadhi ya sehemu: mengine yalikuwa maneno makali juu ya mama yake, mengine yalihusu mwili wa msichana anayebalehe. Baadaye yalirudishwa. Simlaumu; alikuwa mtu aliyepoteza watoto wake wote na mkewe, na yamkini alidhani anawastahi. Lakini nilipofikiri habari za baba aliyeketi na maandishi ya binti yake mkononi, nilikiweka kitabu chini nikatoka nje, nikasimama uani mpaka mbu wakanirudisha ndani.

Sasa nieleze kwa nini mkono wangu ulitetemeka. Mwaka 1987 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na dada yangu kumi na sita. Yeye alikuwa katika kidato cha pili, kama binti yake alivyokuwa mwaka jana, na tofauti na binti yake alikuwa wa kwanza darasani katika historia. Siku moja niliona barua imetiwa ndani ya kitabu chake cha historia. Niliisoma. Ilikuwa ya kijana wa mtaa wa pili, na maneno yake, kama nikumbukavyo, yalikuwa machache: kwamba amekimaliza kitabu alichoazimwa, kwamba kimempendeza, na kwamba Jumamosi atakuwapo mahali pale pale pa kuazima vitabu kama dada yangu atapata ruhusa ya kutoka. Jina la dada yangu lilikuwa limeandikwa juu kwa wino mwekundu, na neno moja la upendo lilitangulia jina hilo. Nilimpelekea baba yetu. Hakuna aliyenituma. Nilidhani ninailinda heshima ya nyumba, na baba, Mungu amrehemu, alinishika kichwa akanipa sarafu ya shilingi tano.

Hakumpiga dada yangu, wala hakupaza sauti. Muhula uliofuata hakumrudisha shule. Kabla ya mwaka mwingine kwisha alimwoza kwa mtu mzima wa Likoni, rafiki wa marafiki zake. Shemeji yangu ni mtu mwema, sina neno juu yake. Lakini dada yangu hakumchagua, wala hakuulizwa. Vitabu vyake vilibaki nyumbani. Mimi nilivirithi, na mapenzi yangu ya historia, ambayo watu hunisifu kwayo, yalianzia katika kile kitabu alichokiacha, chenye mistari aliyoipiga kwa penseli chini ya maneno aliyoyapenda. Kwa miaka yote hiyo sikumwambia kwamba aliyempa baba barua ile ni mimi. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba baba aliiona mwenyewe, na hapana aliyeuliza.

Haya sikumweleza mpwa wangu. Nilimpa kitabu kingine.

Kitabu hicho ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Kwa kuwa wasichana wa jumba walifundishwa kusoma tu, alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya siri ndiyo iliyomtia mashakani mara ya kwanza: mwaka 1859, alipokuwa bado msichana wa miaka kumi na mitano, ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, Salme ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Njama ilishindwa. Miaka michache baadaye, akikaa mjini katika nyumba iliyotazamana na nyumba ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Heinrich Ruete, alimpenda jirani yule na jirani akampenda. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa huko kwa jina la Emily, wakaoana, wakaenda Ujerumani. Mwaka 1870 mumewe aliumizwa katika ajali ya tramu ya farasi akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado akijifunza. Kitabu chake alikitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mimi ninacho kwa Kiingereza.

Mpwa wangu alikisoma kwa siku mbili, akasahau hata kuchana nywele. Katika Ijumaa ile hapakuwa na mwanafunzi wala mwalimu. Alisema kwamba hadithi hii inavishinda vitabu vyote vya mapenzi alivyopata kusoma, lakini mwandishi amemwibia msomaji. Jambo analolingojea kila mtu, mapenzi yenyewe, limepewa kurasa chache mno, ilhali chakula, mavazi na sherehe za jumba vimepewa sura nzima. Nilimweleza tusilolikuta kitabuni: kwamba Salme alipotoroka alikuwa na mimba; kwamba mtoto alizaliwa Aden mwezi wa Desemba 1866, akafa mwaka uliofuata njiani kwenda Ujerumani; na kwamba mama amepita kimya juu yake. Mpwa wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi hakuiba. Alificha." Sijasoma uhakiki wa kitabu hiki uliosema zaidi ya maneno hayo mawili.

Mimi nilikuwa na neno langu dhidi ya Salme, nalo si dogo. Katika sura moja ameutetea utumwa wa Unguja, akasema kwamba Wazungu hawauelewi, na kwamba watumwa wa mashariki walitunzwa vizuri. Yeye, aliyejua maana ya kukosa ruhusa ya kutoka nyumbani, hakuweza kuliona kosa hilo katika mashamba ya karafuu ya baba yake. Nilitaka mpwa wangu asome upande wa pili, nikampa *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa jamaa ya watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa wakawekwa Freretown, hapa hapa Mombasa, katika kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Kila asubuhi niendapo kazini nampita yule mnara wa kengele pale Kengeleni, na kwa miaka mingi niliupita kama mtu apitaye nguzo ya taa.

Kiswahili cha Mbotela ni chepesi na safi, na maelezo yake ya watoto walionyakuliwa, wakafungwa, wakavukishwa bahari, hayasahauliki. Kasoro yake ni shukrani isiyo na kipimo. Waingereza wake hawana doa. Lakini sisi tunajua kwamba Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 huku mizinga ya Waingereza ikinong'ona nyuma yake; na kwamba Waingereza hao hao, walipoitwaa pwani hii mwaka 1895, waliuacha utumwa uendelee kuwa halali mpaka mwaka 1907. Mpwa wangu aliyaandika haya katika daftari bila ya kuambiwa. Kisha alileta shauri lake la kawaida: kwamba watu wale wa Freretown, walioletwa kutoka makabila mbalimbali, wasioelewana lugha, bila shaka walipendana na kuoana, na angetaka kujua msichana mmoja wao alisema nini siku ya kwanza alipochumbiwa katika lugha ngeni. Nilimwambia kwamba hata mimi ningetaka.

Kitabu cha mwisho tulichosoma ni *Vuta n'kuvute* cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, na hicho nilikichagua kwa hila, ili kila mmoja aone kwamba ameshinda. Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa mzee asiyempenda, anatoroka, na mapenzi yake na Denge yanamtupa katikati ya harakati za kuipinga serikali ya kikoloni Unguja. Mtu hawezi kusema hapa mapenzi yamekwisha na hapa historia inaanza. Makachero wanaomwinda Denge ndio wanaomnyima Yasmin usingizi. Ningemwekea mwandishi kosa moja tu, kwamba Denge wakati mwingine ni mwadilifu kama sanamu. Mpwa wangu hakuliona kosa hilo. Usiku ule aliniuliza swali jepesi, kama kijana wake angekuja kuposa naye amekataa, mimi ningesimama upande gani. Nilimjibu kwamba ningesimama upande wake. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kulala. Mimi sikulala.

Likizo ilikwisha. Mpwa wangu aliomba ruhusa kukichukua kitabu cha Salme, nikampa. Baadaye nilisikia kwamba kila usiku, baada ya kazi za jikoni, alikuwa akimsomea mama yake, akifasiri kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa. Niliposikia hayo nilingoja majuma mawili, nikitafuta sababu za kutokwenda. Jumapili ya tatu nilivuka kivuko cha Likoni.

Nilimkuta dada yangu jikoni peke yake, mikono imo ndani ya unga. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima; yote yalinitoka, nikasema tu, "Dada, ile barua ya mwaka 1987, aliyempa baba ni mimi."

Hakuacha kukanda. "Najua," alisema. "Nilikuwa dirishani. Uliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyechukua bakuli la mchuzi."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nawe mbona hukusema?" Alinyunyiza unga juu ya ubao. "Nilikukasirikia miaka mingi, usidhani sikukasirika. Kisha ukawa unakuja na vitabu vyako, unawaeleza watoto wangu habari za Berlin. Shilingi tano zile ulinunulia nini?"

"Kashata."

Alitikisa kichwa. Tulikaa kimya mpaka donge lote likalainika. Kisha akauliza kwa nini Salme hakumtaja mtoto wake wa kwanza. Nilianza kumweleza yale niliyoyasoma, juu ya heshima ya wakati ule na juu ya wasomaji wa Kijerumani, lakini alinikatiza.

"Alijua nani watakisoma," alisema. "Ndugu zake." Alinawa mikono, akajifuta kwa kanga. "Kile kitabu changu cha historia, unacho bado?"

Nilimwambia ninacho.

"Niletee."

Jumapili iliyofuata nilivuka tena Likoni, kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya gazeti.